Tathmini ya Mwezi wa Sita

Swali la kwanza: kutoka sifuri hadi kumi,
mteja amepiga hatua kiasi gani?
Kalamu inagoma. Nje, Bytom imelowa,
moshi wa makaa ya mawe umelalia matofali mekundu
kama paka asiyetaka kufukuzwa.

Mteja. Neno hilo nalo.
Kana kwamba Zdzisław Kempa aliingia ofisini
akaniomba nimpimie utulivu, nusu kilo,
nimfungie kwenye gazeti.
Aliletwa na barua ya mahakama,
mikono ndani ya koti, pumzi ikinuka spiriti,
akaikodolea macho saa ya ukutani
kama mtu anayesubiri lifti ya mgodi impandishe juu.

Mwezi wa kwanza nilimpa mbili.
Mbili ya nini, sijui. Labda kwa kuwa alivaa soksi.
Mwezi wa pili alizungumza: bei ya njegere za njiwa,
jinsi ilivyopanda, wezi wakubwa.
Nikaandika: *ameanza kushirikiana.*
Mwezi wa tatu, siku arobaini na moja bila tone.
Grafu yangu ilipanda ngazi kwa ngazi
nami, nakiri, nikapanda nayo.

Kisha Desemba nne, sikukuu ya wachimbaji.
Tarumbeta barabarani, kofia zenye manyoya,
wazee wakiusherehekea mgodi uliofungwa
kama mjane anayemwandalia meza marehemu.
Kempa akanywa siku tatu.

"Amerudi nyuma," alisema Bogumiła, msimamizi wangu,
akaichora alama kwa kalamu nyekundu.

Lakini siku ya nne simu yangu iliita.
"Nimekunywa. Njoo."
Mtu ambaye miaka ishirini
hakuwahi kumwambia kiumbe hai kwamba amekunywa,
alificha chupa hata kwenye tangi la choo.
Nimepekua fomu yote, kurasa kumi na moja.
Simu ile haina kisanduku.

Nilimkuta darini, ngazi zikinitoa roho.
Alikuwa akihesabu njiwa wa mbio:
kumi na wawili walitoka, kumi wamerudi.
"Na wawili?"
Hakunijibu. Dirisha liliachwa wazi, baridi ikitukata.
Nilipokuwa nikijaza tarehe, mmoja akatua,
bawa limechanika, pete mguuni imejaa tope.
Alimtukana kwa Kisilesia, matusi mazito, marefu,
huku akimlisha kabla ya wote.

Tangu hapo neno lile linanisumbua.
Njiwa karudi. Mlevi karudi.
Na baba yake, asema, alimrudi kwa mkanda.
Neno moja: nani atanipimia?

Swali la nne: mahusiano ya kifamilia.
Jagoda, bintiye, alipokea simu,
hakusema kitu, hakukata.
Dakika mbili. Nyuma yake televisheni
ilitangaza mvua ya Opole.
Kempa alinisimulia mvua ile mara tatu,
kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni.
Niweke ngapi? Tatu? Tisa?

Swali la tisa laniuliza mimi:
*huduma imechangia matokeo kwa asilimia ngapi?*
Nilimletea fomu. Nilimletea, mara moja, keki ya mbegu za mpopi.
Nililia garini mwezi wa Novemba, kwa sababu zangu.
Labda ni njegere. Labda umri. Labda alichoka tu.

Ijumaa faili linafungwa, fedha za mradi zimekwisha.
Nimeandika tano. Bogumiła atauliza kwa nini si nne,
nami sitakuwa na jibu la ofisini.
Chini kabisa, *maelezo mengine*, mistari miwili.
Naandika: Jumapili anakwenda Opole kwa treni ya asubuhi.
Ufunguo wa dari amemwachia jirani,
mtu wa kwanza kumwamini tangu mgodi ufungwe.
Taarifa imetayarishwa na Halszka Wrona.

Mfumo unanijibu: herufi zimezidi.
Nafuta jina langu.
Nabakiza ufunguo.